Mkwe Katika Kundi la Tatu

Rhoda wa Kahama ni fundi cherehani, ila watu wanaokutana naye kwenye semina hawalijui hilo. Wanadhani alizaliwa na makapeni, kalamu nene ya semina, mkononi. Ukimkuta mbele ya watu amejifunga kitenge kiunoni juu ya gauni, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni, utasema ni mwalimu mkuu aliyetoka nyumbani kwa haraka. Si mwalimu. Alimaliza darasa la saba, akarudi nyumbani kulea wadogo zake, na habari za shule zikaishia hapo.

Aliolewa, kama tunavyoolewa wote. Mume akaenda Geita kutafuta dhahabu. Dhahabu hakuipata, mke alimpata. Watu wakamshauri Rhoda amfuate huko akalie mlangoni mpaka yule mwanamke aondoke. Rhoda akajibu kwamba cherehani yake haina magurudumu, akaendelea kushona.

Cherehani hiyo iko kibarazani kwa Hozefa, muuza vitambaa. Hozefa anauza ndani, Rhoda anashona nje, na mteja akitoka na kitambaa hana pa kupita isipokuwa mbele ya Rhoda. Wote wawili wanafaidi. Hapo kibarazani ndipo alipojifunzia hii kazi yake ya pili, bila kujua kwamba ni kazi.

Ilikuwa hivi. Wanawake wa ukoo mmoja wanakuja kuchagua sare ya harusi. Mmoja anataka bluu, mwingine anasema bluu ni ya msiba, wa tatu hataki mikono mifupi kwa sababu ya mikono yake mwenyewe, na shangazi wa bwana harusi kanuna kwenye benchi kwa sababu hajaulizwa. Wote wanasema kwa pamoja, isipokuwa huyo aliyenuna, ambaye ndiye atakayeharibu harusi. Rhoda anavua futi shingoni, anamkabidhi mmoja.

"Aliyeshika futi ndiye anayesema. Wengine fungeni midomo. Zipu ninazo, nitawashona."

Futi inazunguka mpaka inamfikia shangazi. Shangazi anaishika, anavuta pumzi, anatoa ya moyoni tangu siku ya posa. Akimaliza, sare inapatikana.

Rukhsana, mkewe Hozefa, alikuwa akichungulia kutoka ndani na kucheka. "Rhoda, wewe unashona ama unahukumu kesi?"

"Mama, kitambaa bila kesi hakishoneki."

Siku moja alikuwapo mteja aliyeleta gauni lipunguzwe kiuno. Dada mdogo, anaitwa Wema, mtumishi wa shirika fulani linalozunguka vijiji vya machimbo kufanya mikutano. Akaisahau habari ya kiuno, akakaa kuangalia kesi ya sare mwanzo hadi mwisho. Kisha akamwomba Rhoda awe mwezeshaji wao.

"Mwezeshaji ndiye nani?"

"Mtu anayewafanya wengine waongee kwenye makundi."

"Kwani hawaongei wenyewe?"

"Wanaongea wote kwa mpigo, ama haongei mtu."

"Hao nawajua," akasema Rhoda. "Gauni lako njoo kesho."

Wakampeleka kwenye mafunzo. Mengi aliyofundishwa huko alikuwa akiyafanya tayari, kwa hiyo alitikisa kichwa tu na kunywa soda. Jambo moja lilikuwa jipya kwake: kuhesabu. Watu wanasimama, mnaanza moja, mbili, tatu, nne, kisha moja tena, mpaka mwisho. Wenye moja wanakwenda kundi la kwanza, wenye mbili la pili. Kwa njia hiyo marafiki wanatengana, mke na mume wanatengana, mwenyekiti na wapambe wake wanatengana. Rhoda aliipenda hesabu hiyo kama mkasi mpya. Alisema inakata vizuri bila kuchagua uzi.

Amekwenda nayo Segese, amekwenda nayo Bugarama, haikumwangusha. Ilimwangusha kijijini kwetu, huku upande wa Mwakitolyo. Nilikuwa kundi lake, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Neno lililoleta semina lilikuwa mwalo. Mwalo ni mahali mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa, na wa kwetu ulikuwa katikati ya nyumba. Makarasha, mashine za kusagia mawe, yanasaga mchana kutwa, vumbi linaingia kwenye mboga, maji yenye zebaki yanatiririka mlangoni kwa watu. Kwamba uhame, hakuna aliyebisha. Uhame uende wapi, hapo ndipo penye maneno. Wenye makarasha walitaka bondeni, kwenye maji. Na bondeni kuna jaruba la mpunga la Mama Esta.

Mama Esta ni mjane, jina lake la kuzaliwa Mageni. Jaruba lile alililima na marehemu mumewe, tuta kwa tuta, na mpunga wake ndio uliomsomesha Esta na kumlisha mpaka leo. Walikuwa wamesema atapewa shamba jingine juu mlimani. Mlimani kuna mawe. Huko hata mbuzi hutafuta pa kukanyaga.

Sasa mtu atauliza, si aseme hataki? Ngoja nieleze. Esta aliolewa na Ndaki, kijana wa upande wa Geita aliyehamia kwetu na karasha lake. Kijana mchapakazi, sauti nzuri, kofia haitoki kichwani. Kwetu Wasukuma mkwe wa kiume na mama mkwe hawaketi pamoja. Hawatazamani usoni, hawatajani majina, hawali mahali pamoja. Wakikutana njiani mmoja huingia vichakani mwenzake apite, na anayeingia ni kijana. Hiyo ndiyo heshima, na anayeivunja anazungumzwa mpaka kaburini.

Basi kila mkutano wa kijiji ulioitwa kwa habari ya mwalo, Ndaki alikuwa kiti cha mbele. Mama Esta akifika, akiona ile kofia, anarudi. Hakuna mkutano alioukalia. Na katika mkutano mmojawapo Ndaki alisimama akasema, "Kuhusu jaruba, nyumbani tumekubaliana." Watu wakapiga makofi. Mama Esta alipomwendea mwenyekiti kwake kusema hajakubaliana na mtu, mwenyekiti akamwambia, "Mama, mambo haya yanasemwa mkutanoni." Mkutanoni yuko mkwe. Karasha la Ndaki, kwa kuwa ardhi ni ya ukweni, ndilo lingewekwa la kwanza, karibu kabisa na maji. Hilo halikusemwa mkutanoni, lilisemwa kilabuni.

Kwa hiyo liliposikika tangazo kwamba linakuja shirika, watu watakaa makundi madogo na kila mmoja atasikilizwa, Mama Esta alifua kitenge chake kizuri. Tangazo lilisema pia kwamba yatakayoandikwa na makundi ndiyo yatakayopitishwa siku hiyo hiyo, mwenyekiti amekubali. Baada ya hapo wapima ardhi wanaingia. Ilikuwa leo au basi.

Tulikutana shuleni, Jumamosi. Tukajaza darasa kubwa. Rhoda akatusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" tukamwitikia, tukampenda. Wema akataja mada: kundi la kwanza vyoo, la pili watoto wanaofanya kazi machimboni, la tatu mahali pa kuhamishia mwalo, la nne usalama wa mashimo. Hesabu ikaanza. Mama Esta alikuwa kwenye mstari karibu nami, midomo inacheza kimyakimya, anahesabu waliomtangulia. Ikamwangukia tatu. Nilimwona akishusha mabega kama mtu aliyetua ndoo. Na mimi tatu, na jirani yangu Klara, muuza mihogo ya kukaanga, akabadilishana na mtu kwa siri ili tukae naye. Hesabu haijawahi kumweza Klara.

Kisha Wema akasema kila kundi linatakiwa liwe na mwenye karasha mmoja, ili baadaye wasije wakasema hawakuwapo. "Wenye makarasha, chagueni makundi ye—"

"Tatu," akasema Ndaki.

Tukaingia kwenye darasa letu. Rhoda amekwisha panga viti duara, kazi safi, kila mtu amwone mwenzake. Kumbe hilo ndilo tatizo. Mama Esta alifika mlangoni, akaona kofia, akasimama. Sote tukamtazama Ndaki. Ilikuwa juu yake kuondoka, yeye ndiye kijana. Akaishusha kofia machoni, akakaa upande upande, akatulia. Mama Esta akaingia kwa ubavu kama anayepita kwenye miiba, akachukua kiti, akakigeuza, akakaa ametazama ukuta.

Hakuna aliyesema neno. Na mtu asituulize kwa nini. Mama hawezi kunyoosha mkono akasema mtoeni fulani, jina la mkwe halitamki. Sisi wengine tulifikiri labda semina ina sheria zake. Wageni wana mambo mengi, mwaka juzi walitufunga vitambaa usoni tutafutane.

Rhoda akaanza. "Kundi la tatu, karibuni. Kwanza tupate msemaji atakayesoma maoni yetu mbele ya wote."

Ndaki akanyoosha mkono. "Mimi naweza."

"Ana sauti," akasema Rhoda. "Haya, msemaji tunaye. Mama yangu wa pale, huku tunakaa duara. Geuka, tukuone."

Mama Esta hakugeuka.

"Mama, shikamoo. Geuka basi."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu," akauitikia ukuta.

Rhoda akacheka kidogo, akainuka, akaenda akashika kiti cha Mama Esta kwa nyuma na kukizungusha yeye mwenyewe, mama akiwa juu yake. Watu tuliguna kama tumemwagiwa maji. Mama Esta akavuta kitenge akajifunika uso mzima, akabaki kama mzigo uliofungwa. Rhoda akavua futi shingoni, akamwekea mapajani.

"Aliyeshika futi ndiye anayesema. Sema mama, hapa hakuna wa kukutisha."

Futi ikabaki mapajani.

"Nadhani anaogopa wanaume," Rhoda akatuambia. Akamgeukia Ndaki. "Kaka, wewe uko karibu naye. Hebu mpe moyo mama yetu."

"Dada!" Klara akalipuka. "Dada Rhoda, unatuua! Huyo ni mkwewe!"

Rhoda alisimama pale na mikono hewani. Baba yake ni Msumbwa wa huko Kahama, heshima ya ukwe anaijua vizuri, amekulia humo. Ila hesabu haijui. Inatenganisha marafiki na kuwakutanisha wakwe.

Akamshika Klara mkono, akatoka naye nje, na mimi nikafuata kwa sababu masikio yangu hayapendi kubaki nyuma.

"Kwa nini hamkusema?"

"Tulidhani ndiyo semina," akasema Klara.

"Semina gani ya kumvua mtu mzima nguo mchana?"

"Sasa wewe ndiye umekizungusha kiti, unatuuliza sisi?"

Rhoda akafunga macho. Alipoyafumbua alikuwa Rhoda tena. Akauliza kila kitu, kwa haraka, kama anayechukua vipimo: jaruba la nani, nani alisema nini mkutanoni, mama ameshasema wapi. Tukamwambia.

"Huyo kaka alijua kwamba mama yuko kundi hili?"

"Alisikia hesabu kama sisi," nikasema. "Na alisema tatu kabla swali halijaisha."

Akaenda kumtafuta Wema. Wema akasema ni rahisi tu, mmoja ahame. Akaja naye mpaka mlangoni akamwita Ndaki, akamweleza kwa adabu. Ndaki akaitikia kwa adabu zaidi.

"Dada, mimi sina neno. Lakini mimi ndiye mwenye karasha wa kundi hili, na msemaji nimeshachaguliwa. Kwa heshima ya mama, tumsaidie yeye. Aende kundi la vyoo, atakuwa huru kabisa."

Wema akamtazama Rhoda kwa furaha. Mkwe mwenye heshima namna hii! Na Mama Esta alikuwa amekwisha kusikia, kwa maana alikuwa ameanza kuinuka, uso bado umefunikwa, anapapasa mlango ulipo. Alikuwa anakwenda kuzungumza habari za vyoo. Jaruba analiacha kwenye kiti.

"Mama, kaa," akasema Rhoda. "Hahami mtu."

"Dada Rhoda," Wema akanong'ona, "sasa itakuwaje?"

"Itakuwa hivi hivi. Nenda kwenye makundi mengine, hili niachie."

Darasani mle mlikuwa na ubao wa miguu, ule mweusi wa kusimama, unaohamishwa kutoka darasa hadi darasa. Rhoda akausukuma unalia kwi kwi mpaka katikati ya duara, akausimamisha. Mama Esta upande huu na sisi wanawake, Ndaki upande ule na wanaume. Duara limekatwa kama chapati.

Klara akainama, akachungulia. "Miguu inaonekana."

"Ya nani?"

"Ya wote."

"Leta kitenge chako."

"Cha kwangu? Nitabaki na nini?"

"Una sketi ndani, nimeiona. Leta."

Klara akatoa kitenge huku analalamika, Rhoda akakibana chini ya ubao kwa pini za nguo, maana fundi hakosi pini. Kisha akamsimamisha Klara pembeni pa ubao, mahali anapoona pande zote mbili. Hakuhitaji kumweleza mtu zaidi. Tangu zamani wakwe wakitaka kuambiana jambo humwambia mtu wa tatu, hata kama wote wanasikia. Rhoda alichofanya ni kulipatia jambo hilo kiti.

Mama Esta akafunua uso. Akautazama ubao muda mrefu. Ulikuwa bado na hesabu za darasa la nne. Akaishika futi.

"Klara."

"Abee, mayu," akamwitikia kama binti kwa mama.

"Mwulize mtu wa upande huo. Alisema nyumbani wamekubaliana. Walikubaliana na nani?"

Klara akageuza shingo. "Anauliza, mlikubaliana na nani?"

Upande wa pili mtu akajisogeza. Kiti kikalia.

"Mwambie mama... tulizungumza na Esta."

"Anasema na Esta."

"Mwulize, Esta ana jaruba?"

"Esta ana jaruba?"

"Hana," sauti ikasema.

"Anasema hana."

"Nimesikia."

Rhoda aliketi mwishoni mwa ubao, makapeni mkononi, haongezi neno. Anaandika tu. Futi ikapitishwa juu ya ubao. Klara akasita nayo hewani. "Haina neno? Wote wawili kushika kitu kimoja?"

"Wali wa jaruba hilo anaula kila siku na hajafa," nikamwambia. "Mpe."

Watu wakacheka, hata wanaume. Ndaki hakucheka. Lakini alipopewa futi alisema, na nisimnyime haki yake, alisema vizuri. Kwamba mwalo unaua watoto pale ulipo. Kwamba bila maji karasha ni chuma tu, na vijana wengi wa kijiji wanakula kwa makarasha hayo. Kwamba bondeni maji yapo bila kuchimba. Wanaume wawili wakamuunga mkono, mmoja akasema mama ana umri sasa, atalima mpaka lini?

Futi ikarudi.

"Klara, waambie sijasema mwalo usihame. Uhame hata kesho. Waambie na hili: maji ya bondeni ndiyo yanayoshuka kisimani. Wakioshea pale, zebaki wanayoikimbia huku wataichota kwa ndoo kule. Na mwambie huyo mtu kwamba jaruba ni langu, nililima na mume wangu, na mimi sijakubali. Sikukubali jana, sikubali leo. Mwambie hivyo. Sina lingine."

Klara hakuhitaji kurudia, ila alirudia, neno kwa neno, na akaongeza sauti pale pa "sijakubali" kwa faida yake mwenyewe.

Tukasubiri Ndaki ajibu. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na sidhani kama yeye aliyaona yakija. Mkwe anaweza kumnyamazisha mama mkwe kwa kukaa tu mahali alipo, na miezi yote hiyo alikuwa amekaa. Lakini mama mkwe akishasema, mkwe hambishii. Kumbishia mama mkwe mbele ya watu ni kama kumpiga. Mchezo aliokuwa akiucheza upande mmoja ulikuwa na upande wa pili, na upande wa pili ulikuwa nyuma ya ubao.

"Kaka Ndaki," akasema Rhoda, "una futi. Una neno?"

"Mwambieni mama..." Akakohoa. "Nimesikia."

Baada ya hapo kundi lilizungumza kama makundi yanavyozungumza, mengi ya maana na mengine ya njaa. Mwishowe tukakubaliana: mwalo uende mlimani, kule kwenye mawe walikotaka kumpeleka Mama Esta, na wenye makarasha washirikiane kuleta maji kwa boza, gari la tangi. Jaruba lisiguswe. Rhoda akaandika kwa herufi kubwa, akatusomea mara mbili, akauliza nani hajasema. Hakuna.

Sasa msemaji. Klara akaninong'oneza, "Huyo huyo ndiye anakwenda kusoma? Atasoma tuliyosema au aliyoyataka?" Nikamwambia Rhoda. Rhoda akasema msemaji amechaguliwa na kundi, habadilishwi kwa sababu ya kushindwa. Nilimwona mjinga, nakiri kwa moyo mweupe. Kumbe alikuwa amekwisha kukitazama chumba. Alimchukua Mama Esta, akamtoa nje kwa nyuma, akamwekea kiti chini ya dirisha la darasa kubwa, mgongo ukutani. Madirisha yetu hayana vioo. Anayesoma mbele haoni mtu, ila aliye nje anasikia hata mtu akimeza mate.

Kundi la vyoo likasoma, likapigiwa makofi. La watoto likasoma. Ndaki akasimama, karatasi mkononi, kofia kichwani.

"Ndugu zangu, kundi la tatu, kuhusu mwalo. Kundi lilikuwa na maoni mawili. Wapo walioona bondeni—"

Nje ya dirisha mtu akakohoa. Kikohozi kimoja, kikavu, cha mama mtu mzima.

Ndaki akakatika. Alitazama dirishani, akaondoa macho upesi kama aliyetazama jua. Darasa zima likawa linamtazama, na nusu ya darasa walikuwa wanajua ni nani aliyekohoa. Akavua kofia. Sijapata kukiona kichwa chake kabla ya hapo, kumbe upara umeanza.

"Kundi la tatu lina maoni mamoja," akasema. Akasoma. Akasoma yote, mwalo mlimani, boza, na pale pa mwisho akasoma polepole, "Jaruba la Mama lisiguswe." Jina hakulitaja, maana halitajwi.

Mwenyekiti wa kijiji akainua kichwa. "Subiri kidogo. Si ulituambia familia imekubali?"

Ndaki akaikunja kofia mikononi. "Familia imezungumza leo, mwenyekiti."

"Basi imezungumza," akasema mwenyekiti, na pale pale akauliza kama yupo anayepinga. Wenye makarasha wengine walinung'unika habari za boza. Walioketi karibu na kisima wakawazidi kwa kelele. Likapita.

Wema alimfuata Rhoda wakati wa chai. "Dada Rhoda, kundi lako lilikuwa gumu, eh? Mbona msemaji wako alikuwa anatoka jasho?"

"Joto," akasema Rhoda. Kisha akamwambia ukweli, kwamba ni yeye aliyekizungusha kiti, na kwamba kuanzia leo hahesabu watu kabla hajauliza jambo moja. Analiuliza mpaka sasa, kila anapokwenda. Watu wakishasimama tayari kwa moja, mbili, tatu, nne, anawaambia, "Wenye wakwe humu ndani, jitengeni kwanza." Maofisa kutoka mjini hucheka. Watu wa vijijini hawacheki, wanasogea.

Mwalo ulihama. Ndaki analia habari za boza hadi leo, ila karasha linasaga. Kitenge cha Klara kilirudi na matundu ya pini, Rhoda akamshonea kingine, naye Klara anadai cha kwanza kilikuwa kizuri zaidi.

Mpunga ulipoiva Mama Esta alivuna. Magunia yalikuwa mazito, na mwanamume wa karibu ni mmoja tu. Ndaki alikuja asubuhi akayabeba yote kutoka bondeni hadi nyumbani, mama mkwe akiwa ndani amefunga mlango. Alipotua gunia la mwisho alisimama uani anajifuta jasho.

"Esta," ikasema sauti kutoka ndani, "mwambie aliyebeba, asante."

"Esta," akasema Ndaki, "mwambie mwenye mpunga, karibu."

Esta alikuwa jikoni anapepeta mchele. "Nyote mmesikiana," akasema, akaendelea kupepeta.